Kauri Adimu: Utamtambuaje?

Siku moja, baada ya darasa la jioni katika kijiji kimoja cha pwani, mzee mmoja mvuvi alibaki nyuma. Wenzake walipokwisha kuondoka, alitoa kitambaa mfukoni, akakifungua juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na gamba la kauri.

"Mwalimu," alisema, "kitu hiki nimekiweka sandukuni, huu mwaka wa pili sasa. Kijana mmoja wa mjini aliniambia ni kauri adimu, nisimpe mtu kwa bei ndogo. Basi nami nangoja. Nataka kununua mabati. Hebu niambie, ni kweli?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba mzee wetu atupe siku chache. Sisi walimu wa elimu ya watu wazima hatujui kila kitu, lakini tunajua kutafuta. Tulisoma, tukauliza wanaojua, tukarudi kwa mzee. Jibu letu utaliona mwisho wa makala hii. Lakini kwanza inafaa tujifunze namna ya kumtambua kauri. Mtu aliyejua kusoma kitabu anaweza pia kujifunza kusoma gamba.

KAURI NI NINI?

Wasomaji wengi mnalijua neno kauri kwa sababu ya vyombo. Tunasema sahani ya kauri, kikombe cha kauri. Lakini kauri tunayemzungumzia hapa ni mnyama. Ni konokono wa baharini. Yuko hai, anakula, anazaa, na amebeba nyumba yake mgongoni kama konokono wa shambani.

Kuna aina zaidi ya 200 za kauri duniani. Wengi wao huishi katika bahari za joto kama yetu. Mchana hujificha chini ya mawe na katika mianya ya mwamba. Usiku hutoka kutafuta chakula.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini gamba la kauri linang'aa kama limepakwa mafuta, na gamba la konokono wa shambani haling'ai? Sababu ni hii. Kauri ana nyama laini pande mbili za mwili wake. Akitembea, huitoa nyama hiyo na kuipandisha juu ya gamba, upande huu na upande huu, mpaka zikutane mgongoni. Ni kama mtu aliyejifunika shuka. Shuka hiyo hulilinda gamba lisikwaruzwe, na tena huliongezea unene na rangi kutoka nje. Ndiyo sababu gamba la kauri aliye hai ni laini na lina mng'ao. Gamba lililotupwa ufukweni siku nyingi hupoteza mng'ao kwa jua na mchanga.

MAMBO MATANO YA KUANGALIA

Watu wengi wakiokota kauri hutazama mgongo tu, kwa sababu mgongo una rangi nzuri. Hilo ni kosa. Mgongo peke yake unaweza kukudanganya. Angalia mambo haya matano:

Kwanza, mgongo. Una rangi gani? Una madoa, mistari, pete au mabaka?

Pili, tumbo. Geuza gamba. Upande wa chini ni mweupe, mweusi, au wa kahawia? Ni bapa au ni wa mviringo?

Tatu, mdomo na meno. Kauri aliyekomaa ana mdomo mrefu mwembamba chini ya tumbo, kutoka mwisho mmoja mpaka mwisho wa pili. Kando za mdomo huo kuna meno madogo madogo. Meno hayo si ya kutafunia, ni sehemu ya gamba. Yatazame: ni marefu au mafupi? Ni mengi au machache?

Nne, ubavu na ukubwa. Ubavu ni mnene au mwembamba? Chukua rula upime urefu kwa sentimita. Usikadirie kwa macho.

Tano, mahali alipopatikana. Ni kwenye mwamba, kwenye majani ya bahari, kwenye tope, au katika maji ya kina kirefu? Jambo hili watu hulisahau, nalo ni kubwa kama yale manne.

KAURI WETU WA KAWAIDA

Sasa tuwajaribu kauri wa pwani yetu kwa mambo hayo matano.

Yuko yule mkubwa mwenye madoa meusi na ya kahawia mgongoni. Tumbo lake ni jeupe. Urefu wake mara nyingi ni kama sentimita 8 hadi 10. Mgongoni mara nyingi utaona mstari. Hapo ndipo nyama za pande mbili hukutana. Wataalamu humwita kwa jina linalotokana na chui milia, ingawa madoa yake ni kama ya chui wetu. Ni mzuri sana, lakini si adimu. Anapatikana tangu pwani yetu mpaka visiwa vya mbali vya Bahari ya Pasifiki.

Yuko yule mdogo wa rangi ya manjano, mwenye pembe pembe ubavuni. Na yuko mwenzake, mdogo vile vile, wa rangi ya kijivu, mwenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni. Urefu wa kila mmoja ni kama sentimita 2 na nusu. Hawa ndio wazee wetu waliowaita simbi. Simbi zilikuwa fedha. Watu walinunulia mbuzi na kulipia mahari. Hata leo kwa Kiganda neno ensimbi maana yake ni fedha.

Simbi zina somo moja kuhusu uadimu. Zamani Afrika ya Magharibi ilitumia simbi za manjano zilizoletwa kutoka visiwa vya Maldives. Huko zilikuwa na thamani kwa sababu zilitoka mbali. Kisha, katika miaka ya 1840, wafanyabiashara wa mji wa Hamburg, Ujerumani, walianza kununua simbi zenye pete kutoka Zanzibar na pwani yetu. Walizipakia melini, wakazipeleka Afrika ya Magharibi. Zilikuwa nyingi kupita kiasi. Thamani ikaanguka. Mtu aliyekuwa na akiba ya simbi nyumbani alijikuta maskini bila kupoteza hata moja.

Basi tuelewe: uzuri ni jambo moja, uadimu ni jambo lingine. Kitu kizuri kinaweza kuwa tele, na kitu kisichopendeza sana kinaweza kuwa adimu.

KAURI WA OMANI

Sasa tumtazame kauri aliye adimu kweli. Twende Omani, nchi ambayo majahazi yake yalikuja kwetu na upepo wa kaskazi kwa karne nyingi, na ambako hadi leo wako watu wengi wanaosema Kiswahili.

Katika pwani ya Omani yuko kauri ambaye wataalamu humwita teulerei. Alipewa jina hilo katika miaka ya 1840. Mpime kwa mambo yetu matano:

Mgongo wake ni wa rangi ya maziwa au ya mchanga, na una baka kubwa la kahawia iliyokolea. Hana madoa ya duara kama yule mkubwa wetu. Tumbo lake ni la rangi nyeupe nyeupe, pana. Meno yake ni mafupi na dhaifu. Ukipitisha kidole mdomoni huyasikii kama unavyoyasikia ya kauri wengine. Ubavu wake ni mnene. Urefu wake ni kama sentimita 5.

Na jambo la tano, mahali? Hapa ndipo penye ajabu. Kauri huyu haishi mwambani. Anaishi kwenye uwanda wa mchanga na tope lenye chumvi, mahali ambapo maji hupwa na kujaa. Maji yakipwa, anaonekana wazi. Hana jiwe la kujificha wala mwanya wa kuingia.

Mahali pale pamemfaa. Amepazoea, kama ngamia alivyozoea jangwa. Lakini mahali panapomfaa yeye panamfaa pia mtu anayemtafuta. Mtu hahitaji mtumbwi wala kupiga mbizi. Anatembea kwa miguu, anainama, anaokota.

WATOTO WASIOOGELEA

Kuna jambo jingine kumhusu kauri huyu, nalo ndilo zito kuliko yote. Ili ulielewe, tuanze na kauri wa kawaida.

Kauri jike hutaga mayai yake mahali pa kujificha, kisha hukaa juu yake kama kuku anayeatamia. Hayapi joto kama kuku, anayalinda yasiliwe. Mayai yakianguliwa, watoto wa aina nyingi za kauri ni wadogo mno, hata huwaoni kwa macho. Huelea majini na kuchukuliwa na mkondo. Baadaye hutua kwenye mwamba mwingine, labda mbali sana na mama yao. Kwa hiyo mwamba wa kijiji kimoja ukiokotwa mpaka ukaisha, unaweza kupata kauri wapya kutoka mwamba wa jirani, ikiwa jirani naye hajaumaliza wa kwake.

Kauri wa Omani hafanyi hivyo. Watoto wake hawaelei baharini. Wanakulia ndani ya yai, na wakitoka huwa tayari ni konokono wadogo wanaotambaa. Wanaanza maisha pale pale mama yao alipotaga. Mahali hapo wakimalizwa, hakuna mkondo utakaoleta wengine.

Hebu fikiri juu ya shamba la mhogo na shamba la mtama. Mtama, ndege huweza kubeba mbegu na kuzidondosha mbali. Lakini mhogo, ukila mihogo yote na kuchoma miti yote, utapata wapi mbegu?

Yaliyotokea katika kisiwa cha Masirah ndiyo hayo. Masirah ni kisiwa kikubwa mashariki ya Omani. Kauri hawa walikuwako. Watu wanaokusanya magamba walipojua, walikuja kuwaokota. Gamba lilikuwa adimu, kwa hiyo lilikuwa na bei. Lilikuwa na bei, kwa hiyo liliokotwa. Likaokotwa, likazidi kuwa adimu. Leo inaaminika kwamba kauri hao wamekwisha katika kisiwa hicho, na inaelekea sana kwamba waliowamaliza ni watu.

Bahati njema, kauri wengine wa aina hiyo walikutwa mahali pengine katika Omani, katika eneo dogo. Mwaka 2014 mtaalamu wa Italia, Marco Passamonti, alikwenda kuwatazama wakiwa hai, akaandika alichokiona. Aliandika kwamba yale yale yanayomwezesha kauri huyu kuishi kwenye tope lake ndiyo yanayomtia katika hatari ya kutoweka.

NDUGU YAKE ALIYETOKA TUMBONI MWA SAMAKI

Kauri wa Omani ana ndugu yake wa karibu, naye wataalamu humwita fultoni. Huyu yuko katika bahari ya Afrika Kusini na Msumbiji, jirani zetu. Alipewa jina mwaka 1903. Urefu wake ni kama sentimita 6. Naye ni mzito, ubavu wake ni mnene, na mgongoni ana michoro ya kahawia isiyo na mpangilio.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwake ni wapi. Hakuonekana mwambani wala ufukweni. Alionekana wapi? Tumboni mwa samaki! Wavuvi walipasua samaki wakubwa wanaokula konokono, wakamkuta ndani, pengine akiwa bado mzima. Watu wenye fedha walilipa bei kubwa kwa gamba hilo moja.

Baadaye meli zenye nyavu za kukokota zilifika maji ya kina kirefu karibu na Msumbiji, zikawatoa wengi. Kumbe hakuwa mchache kama walivyodhani! Alikuwa mahali pasipofikika. Bei ikashuka.

Angalia tofauti ya ndugu hawa wawili. Mmoja alikuwa adimu kwa sababu alikuwa mbali na mikono ya watu. Mwingine amekuwa adimu kwa sababu yuko karibu mno na mikono ya watu. Wa kwanza, akijulikana zaidi, huonekana kuwa wengi. Wa pili, akijulikana zaidi, huisha. Kwa hiyo mtu akikuambia "kauri huyu ni adimu," muulize: "Ni adimu kwa sababu gani?"

JIBU LA MZEE WETU

Sasa turudi kwa mzee wetu na kitambaa chake.

Tulikaa naye, tukaliweka gamba juani, tukaanza kuhesabu mambo matano. Mgongo ulikuwa wa kahawia, wenye mikanda hafifu, bila madoa. Kijana wa mjini hakuwahi kuona kauri wa namna hiyo, ndiyo maana alisema ni adimu. Tukageuza. Mdomo ulikuwa mpana. Ukingo wake ulikuwa mwembamba na mkali, kama wa konokono wa shambani. Meno hayakuwapo. Gamba lenyewe lilikuwa jepesi kama ganda la yai.

"Mzee, ulimpata wapi?" tuliuliza.

"Chini ya jiwe, mwambani, wakati wa bamvua. Alikuwa hai."

Hapo tukajua. Alikuwa ni yule kauri mkubwa wetu wa kawaida, lakini alikuwa bado mtoto. Kauri mchanga hafanani na mkubwa. Gamba lake ni jembamba na rangi yake ni nyingine. Akikomaa, ukingo wa mdomo hujikunja kwa ndani, meno huota, ubavu hunenepa na madoa hutokea. Kuanzia hapo harefuki tena, huongezeka unene tu. Watu wengi, hata wasomi, wamewahi kudhani kauri mtoto ni aina nyingine kabisa.

Mzee alinyamaza. Kisha alisema, "Kumbe nilimchukua mtoto."

Hakupata mabati. Lakini aliliacha gamba lile darasani. Sasa tunalitumia kufundishia, pamoja na gamba la mkubwa, ili wanaojifunza waone yote mawili kwa pamoja. Na mzee mwenyewe ndiye anayeeleza vizuri kuliko sisi.

TUFANYE NINI?

Ndugu wasomaji, hatusemi mtu asiokote gamba. Bahari ni shamba letu, na watoto wanahitaji daftari na sare. Tunasema tuokote kwa kujua. Haya ndiyo tunayoshauri:

1. Usimwamini mnunuzi wala msifiaji kabla hujaangalia mambo matano wewe mwenyewe. Asiyejua hudanganywa mara mbili: huuza kilicho adimu kwa bei ya bure, na hukaa na kilicho tele akingoja utajiri.

2. Ukiinua jiwe ukakuta kauri amekaa juu ya mayai, mwache. Ukimchukua huyo mmoja, mayai yote yataliwa.

3. Kauri mwenye ukingo mkali na asiye na meno ni mtoto. Mwache akue na kuzaa kwanza.

4. Jiwe ulilogeuza, lirudishe lilivyokuwa. Jiwe lililoachwa tumbo juu, wadudu na mayai yaliyo chini yake hufa kwa jua.

5. Chukua magamba matupu yaliyotupwa na mawimbi.

6. Kabla ya kuuza magamba, muulize afisa uvuvi wa eneo lako yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Uliza hasa kama mwamba wenu uko ndani ya hifadhi ya bahari.

7. Ukipata kauri usiyemjua, labda ufukweni, labda tumboni mwa samaki, chukua kalamu. Andika tarehe, mahali, kina cha maji, na alipatikana katika nini. Funga karatasi hiyo pamoja na gamba. Gamba lisilo na maandishi ni pambo tu. Gamba lenye maandishi ni ushahidi, na wataalamu wa makumbusho hulithamini zaidi.

Hilo la saba wasingaliweza wazee wetu wasiojua kuandika. Walimwona kauri tumboni mwa samaki, wakashangaa, wakamtupa, na habari ikaishia hapo. Wewe msomaji unajua kuandika. Habari isiishie kwako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Taja mambo matano ya kuangalia katika gamba la kauri. Leteni gamba moja, mlisome pamoja.

2. Kwa nini kauri wa Omani akiisha mahali pamoja ni vigumu arudi?

3. Je, katika mwamba wa kijiji chenu yuko konokono au samaki aliyekuwa tele zamani na sasa ni adimu? Waulizeni wazee. Andikeni majibu yao.